Kidole Kisipojibu

Msimu wa ngano ulipokwisha kule Mau Narok, Hezekiah Ooko alishuka Nakuru na begi moja, gunia la viazi, na mtetemo. Gunia aliliweka jikoni, begi akalisukuma chini ya kitanda. Mtetemo ulibaki mwilini mwake.

Alikuwa ameendesha kombaini miaka kumi na tisa. Mashine yenyewe ni kubwa kama nyumba ya vyumba viwili; inakata ngano, inaipura, inamwaga nafaka kwenye lori na kutema mabua nyuma yake. Dereva hukaa juu, ndani ya kebini, tangu umande ukauke asubuhi mpaka jua lizame, na kwa wiki kumi hakuna cha Jumapili wala sikukuu, kwa sababu mvua ikitangulia, ngano humea kwenye masuke yake ikiwa bado imesimama shambani. Mtu akikaa hivyo, injini humwingia kwenye mifupa. Hezekiah akilala alihisi kitanda kinatembea. Akishika kikombe, chai ilifanya viwimbi. Na alipoongea na mkewe mezani, alipaza sauti hadi majirani wakajua wanakula nini.

"Baba Awuor," Adongo alimwambia siku ya pili, "mimi niko hapa. Siko ng'ambo ya shamba."

Adongo alishona sare za shule kwenye kibanda kidogo pale Langa Langa, hatua chache kutoka nyumbani. Binti yao, Awuor, alikuwa chuoni Eldoret, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu wawili, na mmoja wao hakuweza kutulia. Kufikia mwisho wa wiki Hezekiah alikuwa amerekebisha bawaba za lango, amebadilisha mfereji wa jikoni, amejenga upya nyumba ya kuku, na alikuwa ameifungua redio ambayo haikuwa na tatizo lolote. Vipande vyake vilikaa mezani juu ya gazeti.

"Si upumzike?" Adongo alimwuliza.

"Nimepumzika."

"Huko ndiko kupumzika?"

Ijumaa jioni Adongo aliteleza kwenye ngazi ya kibanda akateguka kifundo cha mguu. Mguu ulifura kama mkate. Alipokwisha kuufunga na kuuinua juu ya stuli, jambo la kwanza lililomjia kichwani halikuwa sare za watu. Lilikuwa ufunguo.

Kila Jumamosi saa tatu asubuhi, wanawake saba au wanane walikutana kwenye ukumbi mdogo nyuma ya kanisa kufanya yoga, ile ya pole pole. Walitandika mikeka, wakajinyoosha kidogo, wakapumua, wakalala chali, basi. Mchungaji mwenyewe alikuja siku ya kwanza akaketi nyuma kuona kama kuna neno la ajabu litasemwa. Akaona ni watu wanapumua, akaenda zake. Adongo ndiye aliyetunza ufunguo wa ukumbi, na hakuwa amekosa hata mara moja tangu Agosti.

"Nenda uwafungulie," alisema. "Ungoje mpaka wamalize, ufunge."

"Mimi? Kwa mambo ya matajiri wa Milimani?"

"Kati yetu nani anakaa Milimani? Nenda, tafadhali."

Hezekiah alikwenda shingo upande.

Mwalimu wao aliitwa Tabby. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, aliyevaa sweta kubwa ya kijivu na soksi nene. Alikuwa amefanya kazi Nairobi miaka saba, akijibu simu za wateja wa kampuni ya bima, hadi asubuhi moja akaamka asiweze kutoka kitandani, na hakuwa na homa wala maumivu. Mtu aliyemfundisha kulala chini na kupumua ndiye aliyemsimamisha tena. Aliporudi kwao Nakuru akaanza kuwaonyesha wengine.

"Wewe ndiye Baba Awuor," alisema. "Mama amenipigia simu. Pole kwa mguu wake."

"Asante. Nitangoja huko nje."

"Nje kuna vumbi. Ingia ukae, hautusumbui."

Akakaa kwenye benchi karibu na mlango, mikono ameikunja kifuani. Aliwatazama wanawake wakigeuza shingo taratibu, kushoto, kisha kulia, kama watu wanaotafuta kitu kilichoanguka. Wakakunja goti moja wakalikumbatia, wakakaa nalo. Tabby hakupaza sauti hata kidogo. "Usilazimishe," alisema. "Mwili ukisema imetosha, simama hapo hapo. Hapo ndipo mahali pako leo." Hezekiah alijiuliza kama kweli hili ndilo linalomwamsha mkewe mapema kila Jumamosi. Lakini baada ya nusu saa aligundua kwamba yumo ndani ya chumba chenye watu tisa, hakuna anayesema, na hakuna aliyekasirika. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alikaa mahali kama hapo.

Jumamosi iliyofuata Adongo bado alikuwa anachechemea. Hezekiah alipokwisha kufungua, alikuta Tabby ametandika mkeka mmoja zaidi kando ya benchi lake.

"Huu ni wa Mama Awuor," alisema. "Unakaa bure bila mwenyewe."

Hezekiah alisitasita. Shida yake ilikuwa soksi. Ya kulia ilikuwa na tundu lililotoa kidole gumba chote nje. Mama Mugure, muuguzi mstaafu aliyelala mkeka wa jirani, aliona anavyoangalia viatu vyake.

"Vua tu, mzee," alisema. "Mimi nimeona miguu miaka thelathini na minne. Yako haiwezi kunishtua."

Wakacheka, naye akacheka, akavua. Akalala chali. Tabby akawaambia wahisi uzito wa visigino sakafuni, kisha wa mashavu ya miguu, kisha wa mapaja, na Hezekiah hakusikia tena kilichofuata. Alipofumbua macho, ukumbi ulikuwa mtupu. Mikeka mingine ilikuwa imekunjwa na kusimamishwa ukutani, na mtu alikuwa amemfunika shuka. Tabby alikuwa ameketi dirishani akinywa chai ya chupa.

"Nimekoroma?" Hezekiah aliuliza, uso umemwiva.

"Kidogo. Mama Mugure amesema ni koromo la mtu mzima."

"Pole sana, mwalimu."

"Hakuna kitu umeharibu. Ulikuwa umechoka, ukalala."

Alipofika nyumbani alipanga vipande vya redio pamoja, akafunga skrubu, akaiwasha. Kisha akakaa kitini kuisikiliza. Adongo alimtazama kutoka jikoni, akaendelea kumenya viazi.

Jumamosi ya tatu hakulala usingizi. Kulikuwa na mvua nyembamba juu ya mabati, na ukumbi ulikuwa baridi, kwa hiyo wote walijifunika. Tabby aliwapitisha mwilini polepole kuliko siku nyingine. Alianza na miguu. "Nenda kwa kidole gumba," alisema. "Usikichezeshe. Kiulize tu kama kipo. Kikijibu, nenda kwa kinachofuata."

Hezekiah aliona ni jambo la kitoto, lakini alifanya. Vidole vya miguu vikajibu, kimoja kimoja. Magoti yakajibu, tena kwa malalamiko. Tumbo likapanda na kushuka. Mkono wa kulia ukajibu wote, hadi kwenye kucha. Kisha wakafika mkono wa kushoto. Kidole gumba, kipo. Cha shahada, kipo. Cha kati, kipo.

Cha pete hakikujibu. Cha mwisho pia.

Alirudia. Alijua viko pale, vimelala juu ya mkeka, lakini ilikuwa kama kubisha mlango wa nyumba iliyohamwa. Wala halikuwa jambo geni kwake. Vidole hivyo vilianza kufa ganzi misimu miwili nyuma, kwanza asubuhi tu, halafu mchana kutwa. Mwaka jana alishika bomba la moshi la injini kabla halijapoa, na kilichomjulisha kwamba anaungua kilikuwa pua yake. Nyumbani alisema ni mafuta ya chapati yamemrukia. Hakumwambia mtu, kwa sababu dereva ambaye mkono wake hauhisi usukani huteremshwa kwenye mashine siku hiyo hiyo. Alikuwa amejizoeza kutofikiria habari hiyo, na kazi ilimsaidia, maana kwenye kebini kila kitu kinatetemeka na hakuna kiungo kinachoulizwa lolote. Sasa alikuwa amelala kimya, na kwa mara ya kwanza aliuliza, na vidole vikanyamaza.

Machozi yalimtiririkia masikioni. Aliyaacha, kuyafuta kungemfichua.

Wanawake walipoondoka alibaki amesimama mlangoni na ufunguo mkononi.

"Mwalimu," alisema. "Na kidole kisipojibu?"

Tabby aliweka begi lake chini. "Kidole gani?"

Akamwonyesha. Tabby aliviangalia asiviguse.

"Tangu lini?"

"Miaka miwili. Karibu."

"Mama anajua?"

Hezekiah akatikisa kichwa.

"Mimi si daktari, Baba Awuor. Hii si ya kujinyoosha ikaisha. Lakini nenda umwambie mama. Leo, si kesho."

Alimkuta Adongo kibandani, mguu juu ya kigoda, akishona kola ya shati la shule. Alivuta kiti akakaa mbele yake, akamwambia yote bila kupaza sauti: ganzi, bomba la moshi, uongo wa chapati. Adongo alisimamisha cherehani. Alimshika mkono wa kushoto, akaulaza juu ya paja lake kiganja juu, akachomoa sindano kwenye kitambaa cha begani.

"Angalia huko barabarani," alisema. "Nikikugusa useme."

Hezekiah akageuza uso. Barabarani alipita mtu na mkokoteni wa maji.

"Sasa," alisema. Baadaye kidogo, "Sasa." Halafu tena, "Sasa." Kisha akangoja. Akangoja sana. Mkokoteni ulikata kona ukapotea.

"Mbona umeacha?" aliuliza.

Hezekiah alipogeuka, aliona ncha ya sindano imesimama juu ya kidole chake cha mwisho, na tone dogo la damu limetokeza. Mkewe alikuwa amefunga midomo kwa nguvu.

"Misimu miwili," alisema hatimaye. "Tunalala kitanda kimoja, tunakula sahani moja, na wewe unanificha mkono wako mwenyewe."

"Niliogopa wataniteremsha."

"Na mimi? Mimi ningekuteremsha wapi?"

Adongo alifunga kidole kile kwa kipande cha kitambaa cheupe, akakaza fundo polepole, akarudisha sindano mahali pake. Jioni, wakati wa kula, alihamisha kiti chake akakaa upande wa kushoto wa mumewe.

Jumatatu walikwenda hospitali, yeye akimshika mkono mke kwa sababu ya mguu, mke akimshika yeye kwa sababu ya woga. Daktari alimwuliza anavyokaa akiwa kazini. Hezekiah alionyesha: mkono wa kulia kwenye vidhibiti, wa kushoto kwenye usukani, na kiwiko cha kushoto kimeegemea ukingo wa chuma chini ya dirisha. Daktari akamgusa nyuma ya kiwiko. Mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye vidole vile viwili unapita hapo, alisema, karibu sana na ngozi. Miaka kumi na tisa umebanwa na chuma kinachotetemeka. Angeendelea hivyo, nyama ya mkono ingeanza kukauka. Sasa kulikuwa na nafasi ya kurudi, pengine si yote. Akampa mazoezi na kitambaa cha kufunga kiwiko usiku, akamkataza kuegemea kitu chochote.

"Na kombaini?"

"Nusu siku, ikibidi. Siku nzima, hapana."

Miezi iliyofuata ilikwenda polepole. Mguu wa Adongo ulipona, akarudi ukumbini, akakuta mumewe amekwisha kuuzoea mkeka wake. Wakazozana kidogo mbele ya watu, na Jumamosi iliyofuata Adongo akaleta mwingine alioushona kwa blanketi kuukuu na kitambaa cha sare, wa buluu na kijivu, mrefu kiasi cha kumtosha. Hezekiah hakuwahi kuwa hodari. Goti lake halikukunjika vizuri hata siku moja. Lakini alijifunza kusimama pale mwili uliposema imetosha, na jambo hilo, kwa mtu aliyezoea kuendesha mpaka taa za mashine ziwashwe, lilimchukua muda mrefu kuliko yote. Kufikia Mei chai ilitulia kikombeni. Mwezi wa saba, akiwa anaosha vyombo, alihisi kwamba maji ni ya moto upande wa kidole cha pete. Alimwita Adongo kama mtu aliyeona nyoka. Kidole cha mwisho kilibaki kigumu na cha mbali, na wakakubali kwamba huenda kikabaki hivyo.

Lilibaki jambo moja. Mwezi wa nane Kiprugut, msimamizi wa shamba, alipiga simu kupanga msimu mpya. Hezekiah alimwambia atakuja mwenyewe, kuna neno la kusema ana kwa ana. Akapanda na lori lililokuwa likirudi kuchukua viazi, akafika Mau Narok asubuhi yenye ukungu mzito, ngano ikiwa ya kijani kibichi na kimo cha goti. Alimkuta Kiprugut gerejini, amevaa koti la mvua, anakagua mikanda ya kombaini.

Hezekiah alimweleza amesimama. Kiprugut alisikiliza hadi mwisho.

"Ile siku uligonga nguzo ya lango," alisema. "Mwaka juzi."

"Vidole hivi."

"Nilidhani ni usingizi. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniteremsha."

"Ningekuteremsha, ndiyo." Kiprugut alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine, akiviangalia. "Na pengine huo mkono ungekuwa mzima. Hapo sasa sijui tulaumiane aje." Akatembea hadi mlangoni, akatazama ukungu, akarudi. "Kuna mtu nimeletewa kutoka Keringet. Jepkemei. Amesomea mashine, anajua kila kitu isipokuwa shamba. Wewe shamba unalo kichwani. Unajua mawe yako wapi, unajua upande unaolowa kwanza. Mgawane siku. Asubuhi wewe, mchana yeye. Unaonaje?"

Hezekiah alitazama juu, kwenye kebini. Miaka kumi na tisa hakuna mtu mwingine aliyekalia kiti kile. Sponji ya kiti ilikuwa imechukua umbo lake. Zamani angejibu papo hapo na angejibu vibaya. Safari hii alishusha pumzi yote, akaiacha irudi yenyewe.

"Ni sawa," alisema. "Nitamwonyesha mawe."

Januari ngano iliiva. Jepkemei alikuwa msichana mrefu, mwepesi wa maneno, mwenye mkono laini kwenye vidhibiti kuliko alivyotarajia Hezekiah, na hilo lilimuuma siku mbili kisha likaacha kumuuma. Kila siku saa saba mchana Hezekiah alisimamisha mashine, akashuka ngazi, akampisha. Halafu alitandika mkeka wake wa buluu na kijivu kwenye nyasi kando ya safu ya misonobari, akavua viatu, akalala chali. Siku ya kwanza dereva wa lori kutoka Molo alitoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Boss! Umekufa ama uko?"

"Niko," Hezekiah alijibu bila kufumbua macho.

Wiki ya tatu, alasiri moja, wingu lilishuka kutoka mlimani na manyunyu yakaanza. Ngano ikilowa haivunwi. Jepkemei alizima injini, akashuka akifunga mlango kwa kishindo, akaja moja kwa moja misonobarini. Mabega yalikuwa yamempanda hadi masikioni.

"Mzee, kimebaki kipande kidogo hivi! Dakika ishirini tu ningemaliza!"

"Najua."

"Sasa tunafanya nini?"

"Tunangoja."

Alizunguka mara mbili, akarusha jiwe kwenye nyasi, akatazama mashine, akatazama mbingu. Mwishowe akasimama juu ya Hezekiah, mikono kiunoni.

"Na hapo chini wewe unafanyanga nini kila siku? Si kulala, maana nikikuita unaitika."

"Napumzika."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ni kazi. Jaribu uone."

Chini ya misonobari palikuwa bado pakavu. Jepkemei alisita, kisha akatandika koti lake kando ya mkeka, akalala, akatikisa viatu, akakohoa, akajikuna pua. Hezekiah alingoja hadi amalize. Halafu, kwa sauti ndogo, akamwambia ahisi uzito wa visigino vyake.

"Nimehisi."

"Usiharakishe. Vihisi tena."

Manyunyu yaliendelea kupiga majani ya juu. Baada ya muda mabega ya Jepkemei yalishuka, kwanza moja, kisha la pili, na pumzi yake ikawa ndefu. Kwenye lori mtu alikuwa akimenya muwa. Wingu likasogea taratibu kuelekea bondeni, likiacha mwanga wa manjano juu ya kipande kilichobaki.

Jepkemei alifumbua jicho moja. "Jua limetoka. Nifike kwa mashine?"

"Bado kuna maji kwenye masuke. Nusu saa."

Alifikiri kidogo. Kisha akalifumba tena jicho lile.